Ndoo Mbili za Maji: Uganga wa Mvua, Kutoka Mezani Hadi Kirumi

Ngoja nikuanzie na ugomvi mdogo. Jumamosi moja usiku tulikuwa watu watano kwenye chumba cha hosteli, tumeizunguka meza moja yenye kahawa, kashata na dadu. Tulikuwa tunacheza Dungeons & Dragons. Kama hujawahi kuuona mchezo huu, usijali, maelezo yake ni mafupi: mtu mmoja, msimamizi, anasimulia dunia ya kubuni, wengine kila mmoja ana mhusika wake ndani ya dunia hiyo, unasema mhusika wako anafanya nini, na penye mashaka dadu inaamua. Hakuna mshindi. Ni kama hadithi ya jioni, ila wasikilizaji nao wanaruhusiwa kuiharibu.

Usiku ule msimamizi wetu alituingiza kwenye kijiji chenye ukame wa mwaka wa tatu. Wanakijiji wamemfungia bibi mmoja kibandani. Wanasema kaifunga mvua. Kesho asubuhi watamtoa, na sote mezani tulijua maana ya neno "kumtoa".

Mwenzetu mmoja, mwanafunzi wa fizikia, mhusika wake alikuwa kasisi mwenye uganga wa kuumba maji. Wazo lake la kwanza lilikuwa la kikatili: ayaumbe maji ndani ya mapafu ya kiongozi wa lile kundi, mambo yaishe. "Mapafu si chombo tu?" Msimamizi akafungua kitabu cha kanuni, akakataa. Wazo la pili lilitufanya sote tupige meza kwa furaha. Uganga huohuo unaruhusu maji yashuke kama mvua kwenye eneo dogo. Basi kasisi amnyeshee yule bibi mvua uani kwake, mbele ya kijiji kizima. Waone wenyewe kwamba mvua haijafungwa.

Mtu pekee ambaye hakupiga meza alikuwa mwenzetu mtoto wa Iguguno, mkoani Singida. Aliacha tumalize, kisha akasema: "Ukiinyesha mvua mbele yao, umeshawaambia kwamba mvua ina mtu. Na ikiwa na mtu wa kuileta, basi ina mtu wa kuizuia. Hapo bibi hujamwokoa."

Tukabishana mpaka saa nane usiku. Mimi nikaenda kulala na sentensi ile kichwani, na wiki mbili zilizofuata nilizimalizia maktaba badala ya kuandika tasnifu yangu. (Msimamizi wangu wa masomo, kama unasoma hapa, nisamehe.) Haya ndiyo niliyorudi nayo.

Tuanze na uganga wenyewe, kwa sababu hata kitu cha kubuni kina historia. Dungeons & Dragons ulitoka mwaka 1974 nchini Marekani, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Tangu vitabu vile vya kwanza makasisi walikuwa na uganga wa kuumba maji. Wakati huo ulikuwa wa ngazi ya nne, maana yake kasisi mchanga hakuupata, na ulitoa maji ya kuwatosha watu kumi na wawili na farasi wao kwa siku moja. Utaona kilichokuwa akilini mwa waandishi: msafara. Kundi la watu lililo porini halina kisima, na uganga huu unawaondolea kero. Hauui mtu wala hauangushi ukuta. Ni uganga wa kazi ndogondogo, kama kijiko jikoni.

Kadiri miaka ilivyokwenda, uganga huu ulishushwa ngazi na kupimwa zaidi. Katika toleo la tatu la mwaka 2000 uliwekwa kwenye ngazi ya chini kabisa, sifuri, na ukapewa kipimo: galoni mbili kwa kila ngazi aliyofikia kasisi. Waandishi wakaongeza pale pale kwamba uganga wa aina hii hauwezi kuumba kitu ndani ya kiumbe hai, na wakaweka hata uzito wa galoni moja ya maji. Kwa nini kitabu cha uganga kiwe na habari za uzito wa maji? Kwa sababu wachezaji ni wachokozi. Ukiwapa maji watayamwaga darini mpaka dari ianguke, watayajaza kwenye tundu la kufuli usiku wa baridi yagande na kulipasua, watayatumia kupima kama sakafu imelala sawa au ina mteremko unaoficha mlango. Mengine msimamizi anayakubali kwa kicheko, mengine anayakataa. Kila sentensi ya kukataza kwenye kitabu kile ni kama kovu, inakuonyesha kuna mahali mtu alijaribu.

Toleo la tano, la mwaka 2014, ndilo tunalocheza sisi. Humo uganga uko ngazi ya kwanza. Kasisi anahitaji tone moja la maji mkononi. Maji yanayoumbwa hayazidi galoni 10, na lazima yaingie kwenye chombo kilicho wazi, au yashuke kama mvua ndani ya mchemraba wenye upande wa futi 30, yakizima moto ulio wazi humo ndani.

Galoni 10 za Kimarekani ni kama lita 38. Yaani ndoo mbili, zile za lita 20, na hazijajaa vizuri.

Hapa yule mwenzetu wa fizikia alitoa kalamu, na mimi nimezirudia hesabu zake. Futi 30 ni karibu mita 9.1, kwa hiyo mvua yetu ingeangukia eneo la mita za mraba kama 84. Gawanya lita 38 kwa hizo, unapata kina cha milimita 0.45. Hata nusu milimita haifiki. Ni manyunyu ya kulainisha vumbi, jua likitoka dakika kumi baadaye huoni alama. Sasa chukua ekari moja ya mtama. Milimita moja ya mvua kwenye ekari moja ni lita 4,047. Tuseme mtama wako, ambao ni zao vumilivu, unataka milimita 400 mpaka uvunwe. Hiyo ni zaidi ya lita milioni 1.6. Kasisi wa ngazi ya kwanza anaweza kufanya uganga huu mara mbili kwa siku. Angehitaji kuurudia kama mara 42,600, sawa na miaka 58 bila kupumzika Jumapili. Ekari moja, msimu mmoja.

Kuna uganga mwingine wa kutawala hali ya hewa, wa ngazi ya nane, ambao unafika maili tano kila upande. Lakini tazama masharti yake. Mganga lazima awe nje chini ya anga. Akiingia ndani, uganga unakatika. Unadumu saa nane tu. Anga haibadiliki ghafla, inasogea hatua kwa hatua. Na unaanza na hali ya hewa iliyopo, ile ambayo msimamizi ameipanga kulingana na nchi na majira. Vifaa vyake ni ubani unaofukizwa pamoja na vipande vya udongo na mti vilivyochanganywa na maji.

Niliposoma orodha hiyo ya vifaa, nikasema: hii mbona naijua?

Sasa njoo Singida. Ukienda kaskazini ya mkoa, Wilaya ya Mkalama, ile iliyokatwa kutoka Iramba mwaka 2012, utafika Isanzu. Waisanzu ni wakulima wa mtama, uwele na mahindi, wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama. Nchi yao iko kwenye ile kanda kame ya katikati ya Tanzania: msimu ni mmoja tu, mvua zinaanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili au karibu na Mei, halafu miezi ya kiangazi hakuna kitu. Mkoa kwa jumla hupata kiasi cha milimita 500 hadi 800 kwa mwaka, lakini wastani huu unadanganya. Mvua ya wiki mbili ikichelewa Januari, mtama ukiwa unatoa suke, wastani wa mwaka haukusaidii kitu.

Kijiji cha Kirumi ndicho kilichokuwa kitovu cha utawala wa Isanzu, na utawala huo ulikuwa, kwa sehemu kubwa, kazi ya mvua. Mwanaanthropolojia Todd Sanders aliishi Isanzu miaka ya 1990 na mwaka 2008 akachapisha kitabu kizima kuhusu suala hili. Jambo linaloshika macho ni kwamba madaraka ya mvua hayakukaa kwa mtu mmoja. Yalikuwa ya wawili, mwanamume na mwanamke, wote wa ukoo wa Anyampanda. Hakuna aliyeweza kufanya kazi peke yake. Mawe ya mvua yaliyohifadhiwa Kirumi nayo yalikuwa ya kiume na ya kike. Kama ambavyo mtoto hapatikani kwa mzazi mmoja, mvua nayo ilitaka pande mbili zikutane.

Sharti la pili lilikuwa majira. Msimu wa kilimo ulifunguliwa Kirumi kwa taratibu zake, mwisho wa kiangazi, na watu walileta mbegu zipate dawa kabla ya kupandwa. Hakuna aliyekwenda Kirumi mwezi wa Julai kudai mvua. Ungechekwa. Dawa za mvua zilifanya kazi wakati ambao mvua, kwa kawaida, ilikuwa njiani.

Mtu mwenye haraka atasema: ndio ujanja wenyewe huo! Unaomba mvua wakati wa mvua, ikija unapokea sifa. Nakuomba usiwe na haraka. Kwanza, wenye kazi hiyo hawakudai kuitengeneza mvua kutoka hewani. Waliiombea, na nyuma yao walikuwapo mizimu ya ukoo na Mungu. Pili, fikiria kazi ambayo utaratibu huo ulifanya kwa wakulima. Mkulima wa nchi kame ana swali moja gumu kuliko yote: nipande lini? Ukipanda kwenye mvua ya kwanza ya kudanganya, mbegu inaota, jua linaiunguza, na ghalani huna nyingine. Kalenda inayofunguliwa na mamlaka moja inawazuia watu kukurupuka kila mtu na lake. Hilo ni tumizi la uganga ambalo halimo kwenye maelezo ya uganga. Wachezaji wangelipenda.

Na ikishindikana? Hapo palikuwa na ngazi zake. Waganga wa ramli waliulizwa sababu. Kondoo walitolewa kwa mizimu ya ukoo. Wanawake wa Isanzu walikuwa, na bado wakati Sanders yuko huko walikuwa, na ngoma yao ya mvua, ya uchi na maneno ambayo siku nyingine hayatamkwi, na wanaume walikaa mbali. Nguvu ya kurekebisha ilikuwa ya watu wengi na ililipwa na watu wengi. Sifa za Kirumi zilivuka mipaka. Majirani, Wasukuma wakiwamo, walifunga safari kwenda kutafuta mvua huko.

Lakini kulikuwa na maelezo mengine ya kushindikana, na hapa ndipo yule mtoto wa Iguguno alipokuwa anatuelekeza. Mvua inaweza kuwa imeharibiwa na mtu. Mchawi wa mvua. Yaani kanuni zilikuwa na mlango wa nyuma: kazi ikifanyika sawasawa na mawingu bado yakapita, si lazima uganga uwe umefika kikomo, huenda kuna mkono unaoupinga. Na mkono huo una mwenyewe, ana jina, na anaishi nyumba ya tatu kutoka kwako.

Anayeshika mvua ndiye wa kwanza kukaa kwenye hatari hiyo. Usukumani, jirani na Isanzu, inajulikana vizuri kwamba mtemi ambaye mvua zilimkataa aliweza kung'olewa. Cheo kilikuja na mvua, kikaondoka na mvua. Nikifikiri hivi, wale watemi nawaonea huruma kuliko kuwaonea wivu. Umekabidhiwa anga ambayo huna mkono ndani yake, na mkataba hauna kifungu cha bahati mbaya.

Wakoloni walipokuja hawakujua waiweke wapi kazi hii. Wajerumani walijenga boma Mkalama na kutawala kwa nguvu. Waingereza, kuanzia miaka ya 1920 chini ya Gavana Donald Cameron, wakaleta utawala wa kupitia machifu: chifu akusanye kodi, aamue kesi, asimamie barabara. Mvua haikuwa kwenye orodha yao, ingawa kwa watu wengi ndiyo iliyokuwa sababu ya kuwa na chifu. Wakati huohuo ikapitishwa Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ambayo iko kwenye vitabu vya sheria vya Tanzania mpaka leo. Machifu wakaondolewa kisheria mwaka 1963. Kodi na kesi zikahamia kwa watu wengine. Mvua haikuhamia kwa mtu yeyote, kwa hiyo Kirumi iliendelea nayo.

Usidhani lakini kwamba watu wa maabara walikuwa pembeni wakicheka. Novemba 1946, Mmarekani Vincent Schaefer alipanda ndege akamwaga barafu kavu kwenye wingu juu ya Massachusetts, na wingu likatoa theluji. Mwenzake, Bernard Vonnegut, akagundua kwamba iodidi ya fedha inafanya kazi kama hiyo. Kanuni yake inaeleweka. Wingu ni matone madogo mno, yenye upana wa kama sehemu mbili za mia za milimita, mepesi kiasi kwamba hewa inayapeperusha. Tone moja la mvua lenye upana wa milimita mbili ni matone milioni moja ya namna hiyo yaliyoungana. Matone ya wingu yanaweza kubaki maji hata chini ya nyuzi sifuri kwa kukosa kitu cha kugandia. Ukilipa wingu punje za kugandia, unalisaidia kuanza. Soma tena neno hilo: kusaidia. Pasipo wingu lenye unyevu wa kutosha, unatupa fedha hewani, na safari hii si kwa mafumbo.

Haikupita miaka mitano, jambo hilo likafika jirani kabisa na Singida. Kongwa, mkoani Dodoma, ndiko ulikokuwa ule Mpango wa Karanga wa Waingereza, uliofyeka mapori kwa matrekta na kugundua, kwa kuchelewa, kwamba mvua za kanda ya kati hazifuati ratiba ya London. Kati ya Januari na Aprili 1951, Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki ilifanya majaribio ya kudhibiti mvua hapohapo Kongwa. Wakati mbaya ulioje! Januari hiyohiyo serikali ya Uingereza ilitangaza kuachana na mpango ule kama biashara na kufuta zaidi ya pauni milioni 36. Waganga wa mvua wa kizungu walifika mgonjwa akiwa ameshavishwa sanda.

Majaribio hayakuishia hapo. Kericho, Kenya, mawingu yalipandwa kemikali miaka ya 1960 na 1970, shabaha ikiwa kupunguza mvua ya mawe inayoharibu chai. Na hapa kwetu, baada ya ukame wa 2005 na 2006 kukausha bwawa la Mtera na kutuingiza kwenye mgao wa umeme, Waziri Mkuu wa wakati huo, Edward Lowassa, alizungumzia kuleta mvua ya kutengeneza kwa ujuzi wa Thailand. Kama ulikuwa na umri wa kusikiliza redio wakati huo utakumbuka utani uliofuata. Watu walicheka, lakini sikiliza walichokuwa wanakicheka: serikali imesema italeta mvua, haya, iko wapi? Swali lilelile la watemi. Ukishasema unaweza kuileta, kutokuja kwake ni kosa lako.

Linganisha na utabiri wa msimu unaotolewa sasa na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kwa Singida na mikoa mingine ya msimu mmoja watakuambia mvua zinatarajiwa kuwa za wastani, au chini ya wastani, na zinatarajiwa kuanza wiki fulani. Wengi wanaona lugha hii ni ya kukwepa. Mimi nilikuwa mmoja wao. Sasa naiona kama maelezo ya uganga yaliyoandikwa vizuri: umbali huu, muda huu, na hapa ndipo nguvu yangu inapoishia. Mtaalamu aliyeandika hivyo hajaleta mvua wala hajaizuia. Hana wa kumtaja.

Nimechelewa makusudi kufika kwenye jambo zito.

Kutoka Mkalama ukivuka Mto Sibiti, ule unaotoka Ziwa Kitangiri kwenda Eyasi, unaingia Meatu. Leo iko Mkoa wa Simiyu, zamani ilikuwa Shinyanga. Mwanauchumi Edward Miguel, wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikusanya taarifa kwenye vijiji 67 vya wilaya hiyo na kuchapisha utafiti wake mwaka 2005. Aliuliza swali la hesabu: mauaji ya watu wanaoitwa wachawi yanahusianaje na mvua? Jibu lake ni kwamba miaka ya mvua zilizopita kiasi, iwe ukame au mafuriko, mauaji hayo yalikuwa maradufu ya miaka mingine. Mauaji ya aina nyingine hayakupanda hivyo. Waliouawa karibu wote walikuwa wanawake wazee, na mara nyingi wauaji walitoka kwenye familia zao wenyewe.

Rudia hapo kwenye mafuriko, maana ndipo utafiti huu unapobana. Kama ingekuwa tu "kaifunga mvua", mwaka wa mafuriko bibi angekuwa salama. Mvua si ipo? Hakuwa salama. Miguel anaona njaa na umaskini ndivyo vinavyosukuma: mwaka chakula kikiwa hakitoshi, anayehesabiwa kuwa mzigo ndiye anayegeuka mchawi. Alama zinatafutwa baadaye. Macho mekundu, kwa mfano, ambayo mwanamke yeyote aliyepikia moshi wa kuni kwa miaka hamsini atakuwa nayo.

Mimi sidhani maelezo haya mawili yanapingana. Njaa inachagua mtu. Imani kwamba kila balaa la anga lina mkono wa mtu inampa anayeua sentensi ya kusema. Na kuwa mwangalifu hapa: sisemi Kirumi ndiyo iliyozaa mauaji ya Meatu. Kirumi, kwa jinsi nilivyosoma, sehemu kubwa ya mzigo wa ukame iliutua juu ya wote: kondoo wa ukoo, ngoma ya wanawake, viongozi wawili wanaoulizwa pamoja. Ninachouliza ni nini kinabaki pale masharti yanapopotea, ukabaki na ule mlango wa nyuma peke yake. Mawe, majira, wawili, vyote vimesahaulika. Kilichobaki ni "kuna mtu".

Miguel alipofika kwenye suluhisho hakuzungumzia elimu dhidi ya ushirikina. Alitaja pensheni. Bibi anayeingiza fedha kidogo kila mwezi si mzigo mwaka wa njaa; ni yeye anayenunua debe la mahindi. Zanzibar ilianza kuwalipa wazee wote wa miaka 70 na kuendelea mwezi Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi wakati huo. Bara tuna TASAF kwa kaya maskini, lakini pensheni ya kila mzee bado.

Turudi mezani, maana najua unataka kujua bibi wetu alikuwaje.

Jumamosi iliyofuata tulikaa tena. Kasisi alikuwa na uganga wake mara mbili kwa siku, ndoo mbili mbili. Mvua ya uani tuliiacha. Mwenzetu wa fizikia aliuliza kama anaruhusiwa kuumba maji kimyakimya usiku, ndani ya pipa la kibandani kwa yule bibi, bila mtu kuona. Chombo kipo, kiko wazi, kiko ndani ya futi 30. Msimamizi akatazama kitabu, akakubali. Asubuhi watu walipokuja walikuta bibi ana maji ya kugawa: kata moja kwa kila mtoto, foleni mpaka mlangoni. Hakuna aliyesema neno mvua. Msimamizi akatupa dadu kuona kama yule kiongozi wa kundi atapokea kata aliyopewa.

Ikatoka kumi na moja. Alihitaji kumi na mbili. Akasimama pembeni, mikono nyuma, lakini mtoto wake alikuwa tayari kwenye foleni, na hapo tukafunga kwa usiku ule kwa sababu mlinzi alikuwa anagonga mlango.